Taa nne za Corvette: je, mgongo wake umeharibika?

Vitu vingi huhukumiwa kwa uso wake. Nyumba husifiwa kwa mlango, kitabu kwa ganda lake, na mgeni kwa jinsi anavyosalimu. Lakini motokari ya mbio ina desturi yake ya peke yake. Ikija njiani, uso wake twauona kwa kitambo kidogo sana. Ikiisha kutupita, mgongo wake ndio unaobaki machoni petu mpaka upotee mbali. Kwa hiyo mchoraji wa motokari ya namna hiyo hawezi kuudharau mgongo. Hapo ndipo anapotia sahihi yake.

Leo twataka kulipima shauri moja lililowagawanya wapenzi wa motokari huko Marekani. Tarehe 13 Januari 2013, katika mji wa Detroit, kampuni ya General Motors ilionyesha Corvette ya namna ya saba. Ilianza kuuzwa kama motokari ya mwaka wa 2014, na utengenezaji wake ukaisha mwaka wa 2019. Uso wake ulisifiwa na wengi, na moteri yake ya silinda nane ilisifiwa zaidi. Lakini mgongo! Watu walipouona tu, kelele zilianza. Wengine walisema: «Hii si Corvette tena.» Wengine walijibu: «Nyinyi ni wazee mnaoogopa kila kitu kipya.» Hata leo, ingawa namna ile haitengenezwi tena, mabishano hayajazimika.

Pengine msomaji atatuuliza: Shauri la taa za motokari ya matajiri latuhusu nini? Latuhusu, kwa maana chini yake kuna swali ambalo kila fundi hukutana nalo, awe seremala, mfinyanzi au mshoni. Kitu chenye ukoo kikitengenezwa upya, kipi kibaki na kipi kibadilike? Akibakiza yote, fundi hajafanya kazi. Akibadili yote, amekiua kitu cha zamani na kukipa kingine jina lake. Katikati ya mabaya hayo mawili kuna njia nyembamba, na kupita humo ndiyo kazi ya mchoraji. Basi tutazame kama wachoraji wa Detroit walipita vema.

UKOO WA CORVETTE

Mtu asiyejua ukoo hawezi kuamua shauri la urithi. Basi tuanze mwanzo.

Corvette ya kwanza ilionyeshwa mwezi wa Januari 1953, katika hoteli ya Waldorf-Astoria mjini New York. Mkubwa wa wachoraji wa General Motors siku zile alikuwa Harley Earl. Mwaka ule zilitengenezwa 300 tu, zote nyeupe, na bodi yake haikuwa ya chuma bali ya nyuzi za kioo zilizoshikwa kwa gundi ngumu. Tuangalie jambo moja: nyuma ilikuwa na taa moja tu kila upande. Ikawa hivyo mpaka mwaka wa 1960.

Taa nne za duara, mbili kuume na mbili kushoto, zilikuja mwaka wa 1961. Wakati ule Earl alikuwa amekwisha kustaafu, na tangu mwaka wa 1958 mahali pake alikaa Bill Mitchell. Yeye aliupa mgongo wa motokari umbo la mkia wa bata, ulioinuka kidogo na kukatwa, na taa nne za duara zikapangwa chini ya ukingo wake. Watu wakazipenda, zikawa alama. Tangu hapo, hata usiku, bila kuona bodi wala kusoma jina, mtu aliyefuata nyuma aliweza kusema: «Ile ni Corvette.»

Mwaka wa 1963 ukaja mgongo wenye sifa kuliko yote, ule wa Corvette Sting Ray yenye paa. Kioo chake cha nyuma kiligawanywa katikati na uti uliotoka juu ya paa na kushuka mpaka mkiani. Mitchell aliupenda uti huo kupita kiasi. Lakini mhandisi mkubwa wa Corvette, Zora Arkus-Duntov, mtu aliyezaliwa Bruxelles mwaka 1909 na wazazi Warusi, aliupinga kwa nguvu. Sababu yake ilikuwa nyepesi: uti ule ulimziba shofa asione vizuri kilicho nyuma yake. Mitchell akashinda mwaka wa 1963. Mwaka wa 1964 Duntov akashinda: kioo kikawa kimoja. Hata wenye motokari za 1963, baadhi yao waliukata ule uti na kutia kioo kizima, ili motokari yao ionekane mpya. Siku hizi mambo yamegeuka: motokari ya 1963 yenye uti ndiyo itafutwayo na watunza mali za zamani, na aliyekata uti wake amejipunguzia mali.

Baada ya hapo mgongo ulibadilika mara nyingi. Mwaka wa 1974 bampa ya nyuma ya chuma king'aacho iliondolewa, ikaja ya plastiki yenye rangi ya bodi, kwa kuwa sheria ya Marekani ilidai bampa zivumilie pigo la mwendo mdogo bila kuharibu taa na vyombo vya usalama. Mwaka wa 1978 kioo kikubwa chenye kuinama kilichukua mahali pa kidirisha kilichosimama wima. Mwaka wa 1990 motokari yenye nguvu zaidi, iliyoitwa ZR-1, ilipewa taa za pembe nne, na mwaka wa 1991 ndugu zake wote wakapewa taa za namna hiyo. Mwaka wa 1997 taa zikawa na umbo la yai. Mwaka wa 2005 zikarudi kuwa duara.

Tukiyapanga mabadiliko hayo, twaona yana sababu tatu. Mengine yaliletwa na matumizi, kama kioo cha 1964. Mengine yaliletwa na sheria, kama bampa ya 1974. Na mengine yaliletwa na mapenzi ya mchoraji tu, kama taa za 1961 na za 1991. Mabadiliko ya sababu ya kwanza na ya pili hujitetea yenyewe. Mabadiliko ya sababu ya tatu hayana mtetezi ila uzuri wake. Yakikosa uzuri, yamekosa yote.

MASHTAKA

Sasa tuisogelee motokari yenyewe. Nyuma yake ina taa nne, lakini si duara tena. Ni za pembe, zenye kingo za mshazari, zimewekwa mbilimbili ndani ya sehemu nyeusi. Katikati, chini ya kibao cha namba, kuna mabomba manne ya moshi yaliyopangwa mstari mmoja. Penye pembe za chini kuna matundu meusi. Juu ya mabega ya nyuma kuna midomo ya kuingizia hewa. Na nyuma ya kila mlango kuna kidirisha kidogo.

Washtaki walileta mashtaka manne, nasi twayapanga hivi. Kwanza: taa hizi zimeigwa kutoka Camaro, motokari nyingine ya kampuni ileile, ambayo bei yake ilikuwa ndogo. Pili: duara limetupwa, na duara ndilo lilikuwa alama ya ukoo. Tatu: mgongo umejaa vitu kupita kiasi. Nne: kioo kikubwa cha nyuma, ambacho katika namna mbili zilizotangulia kilizunguka mpaka ubavuni, kimekatwa na nguzo na vile vidirisha.

Tuyapime moja moja, tusimwonee mtu.

Shtaka la kwanza ni zito kuliko linavyoonekana. Anayetoa dola zaidi ya 50,000 kununua motokari ya heshima hapendi jirani yake aidhanie kuwa ndugu yake mdogo. Tena ni kweli kwamba Camaro, iliyorudi sokoni kama motokari ya mwaka wa 2010, ilikuwa na taa nne za pembe zilizopangwa mbilimbili. Na si ajabu zifanane, kwa maana Tom Peters, aliyewaongoza wachoraji wa sura ya nje ya Corvette hii, alikuwa na mkono wake katika Camaro ile pia. Mkono mmoja huacha alama moja.

Lakini washtaki wamelisahau neno moja. Ni nani aliyeanza kuwa na taa nne mbilimbili kama alama ya kudumu ya mgongo wake? Ni Corvette, tangu 1961. Mtoto akifanana na mjomba wake, hatusemi kwamba mjomba amemwiga mtoto. Tena, katika mwaka uleule wa 2013, Camaro yenyewe ilionyeshwa na sura mpya yenye taa moja pana kila upande. Basi ilipokaribia Corvette, Camaro ilikwisha kuondoka. Hata hivyo Camaro za tangu 2010 mpaka 2013 zilibaki barabarani kwa maelfu, na macho ya watu hayasomi tarehe. Hukumu yetu: shtaka hili ni nusu kweli. Kosa si wizi, ila ni kutochagua wakati vizuri.

Shtaka la pili ndilo lililosemwa kwa uchungu. Wahenga wetu walisema: Mwacha mila ni mtumwa. Washtaki wangeupenda msemo huo. Lakini yafaa kuuliza: Mila yenyewe ni ipi? Si duara la tangu mwanzo, kwa maana Corvette ilikaa tangu 1953 mpaka 1960 bila taa zile. Tena si duara lisilokatika, kwa maana tangu 1991 mpaka 1996 taa zilikuwa za pembe nne, na tangu 1997 mpaka 2004 zilikuwa kama yai. Kilichodumu bila kukatika tangu 1961 ni hesabu na mpango: taa nne, mbili huku na mbili huku. Hicho ndicho mchoraji alichokihifadhi.

Tena kuna sababu ya pili. Bodi ya namna ya saba imejaa mikunjo mikali. Kifuniko cha moteri kina mikunjo, mbavu zina mikunjo, mabega yana kingo kama za karatasi iliyokunjwa. Tia taa za duara katika bodi ya namna hiyo, nazo zitaonekana kama kiraka cha nguo nyingine. Kitu chema hakina budi kupatana na nafsi yake kabla ya kupatana na babu yake. Hukumu yetu: katika shtaka la pili mchoraji hana kosa. Waliolitamani duara walikuwa na haki ya kulililia, lakini hawana haki ya kusema ukoo umekatika.

Shtaka la tatu, hapo twakaa upande wa washtaki.

Hesabu, ndugu msomaji: taa nne, mabomba manne, kibao cha namba ndani ya shimo lake, matundu ya pembeni, ukingo wa juu wa kukata upepo, na sehemu nyeusi zinazozunguka vitu hivyo vyote. Jicho laingia na halipati mahali pa kupumzika. Kisha linganisha na mgongo wa 1963: taa nne, kibao, bampa nyembamba, mabomba mawili madogo, na kati yake eneo tupu lenye rangi ya bodi. Utupu ule ndio uliozifanya taa zionekane. Mtu anenaye polepole, akinyamaza kati ya neno na neno, husikika kuliko apayukaye bila kupumua.

Watetezi watajibu kwamba matundu yale yana kazi. Nasi twakubali. Tangu 1997 sanduku la gia la Corvette huwekwa nyuma, karibu na magurudumu ya nyuma, ili uzito ugawanyike sawasawa. Vyombo vilivyo nyuma hupata joto, hasa katika mashindano. Kwa hiyo, katika zile zilizoandaliwa kwa mwendo mkali, hewa huingia kwa midomo ya mabegani, hupoza sanduku la gia na gia za ekseli ya nyuma, kisha hutoka nyuma. Hiyo ni kazi ya kweli, wala si pambo la uongo.

Lakini kazi ya kweli haimwondolei mchoraji wajibu wake. Jiko la nyumba lina kazi, hata hivyo hatulijengi katikati ya sebule. Tundu lahitajiwa? Vema; lakini je, lahitaji fremu nyeusi ya kulitangaza? Mabomba manne yahitajiwa? Moshi wa silinda nane hupita vizuri hata katika mabomba mawili. Hayo mengine mawili ni ya kelele ya macho. Wahenga walisema: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mgongo huu, wenye taa njema, umejitembeza bure kama mgongo mbaya. Hukumu yetu: kosa lipo, na ndilo kosa kubwa la motokari hii. Nadhari ya watu ilikwenda kwenye taa kwa kuwa zawaka. Lakini ugonjwa ulikuwa msongamano.

Shtaka la nne ni dogo. Kile kioo cha zamani kilichozunguka kilikuwa kizuri kwa kutazamwa kutoka nje, kama povu la maji. Nguzo na kidirisha vimeufanya ubavu kuwa mgumu zaidi, na motokari ikafanana na nyingine za Ulaya. Wengine wataupenda ugumu huo. Sisi twalisikitikia lile povu, lakini hatumshtaki mtu kwa sikitiko letu.

JINSI YA KUHUKUMU

Kabla ya kumaliza, tuseme neno juu ya mahakimu wenyewe. Wengi walitoa hukumu siku ileile ya kwanza, kwa kutazama picha tu. Picha hukibandika kitu kuwa bapa. Taa za Corvette hii zina kina. Zimechongwa ndani, na mwanga wake huonekana kwa tabaka. Kina hakionekani katika picha moja. Mtu aliyehukumu kwa picha amekihukumu kivuli.

Upande wa pili, watetezi walikuwa na jibu lao walilolipenda: «Hata uti wa 1963 ulipingwa, na leo wauzwa kwa bei kubwa. Ngojeni, mtaona.» Jibu hili si la haki. Uti wa 1963 ulitengenezwa mwaka mmoja tu, na zile zenye paa zilikuwa 10,594. Bei yake leo yatoka katika uzuri wake, ndiyo, lakini yatoka pia katika uchache wake. Bei ni shahidi wa soko, si shahidi wa uzuri. Tena Duntov hakukosa: uti ule ulimziba shofa mwaka wa 1963, na wamziba hata leo. Kitu chaweza kuwa kizuri kwa macho na kibaya kwa matumizi, na hukumu mbili zikasimama pamoja bila kugombana. Asemaye kwamba miaka itasafisha kila kosa, huyo amekataa kazi ya kuhukumu.

Na miaka ilileta nini? Tarehe 18 Julai 2019, huko Tustin katika California, ilionyeshwa Corvette ya namna ya nane. Safari hii moteri yenyewe ilihamishwa mbele ikawekwa nyuma ya shofa. Duara halikurudi, taa zilibaki za pembe. Lakini mabomba ya moshi yaliondolewa katikati, yakagawanywa mawilimawili pembeni. Katikati pakapata kupumua kidogo. (Katika ile yenye nguvu zaidi ya mwaka wa 2023, iitwayo Z06, yalirudishwa katikati.) Basi wachoraji hawakuyasikia malalamiko juu ya duara, nasi twaona walifanya vema. Juu ya msongamano, kama walisikia au hawakusikia, wamejibu nusu tu.

Basi, ndugu msomaji, ukiletewa kazi mpya ya mkono wa fundi, iwe kiti, iwe nguo, iwe motokari, usiharakishe kusema «imeharibika» wala «imependeza». Uliza maneno matatu. La kwanza: kitu hiki kilibadilishwa kwa sababu gani? La pili: katika ukoo wake, kipi hakikukatika kamwe, nacho kimehifadhiwa? La tatu: vitu vilivyotiwa, kila kimoja kina haki ya kuwapo?

Corvette ya 2013 yajibu vema swali la pili. Swali la kwanza yalijibu vema juu ya matundu ya hewa, na kwa shida juu ya taa. Swali la tatu yashindwa. Mchoraji aliyekuwa na ushujaa wa kuliacha duara alikosa ushujaa mdogo zaidi: ule wa kuacha mahali patupu. Mafundi wengi hupotelea hapo. Kubadili twajifunza upesi. Kunyamaza ndiko kunakotuchukua miaka.